Nilivyopigiliwa Misumari Ndani ya Mashine Yangu ya Michezo

Marafiki, leo sina uso wa kupitisha barabarani hapa Sake. Naandika mapema kabla hamjasikia kwa wengine, maana wameshaanza kuongeza chumvi, na kisa chenyewe hakihitaji chumvi hata chembe.

Mnanijua mimi Hangi. Kazi yangu ni kutengeneza simu na redio. Ugonjwa wangu ni kufungua vitu. Nikiona kitu kimefungwa, moyo hautulii mpaka nijue ndani kuna nini. Redio ya marehemu baba niliifungua nikiwa mtoto (bado iko wazi). Ukiingia kwangu utakuta feni, saa ya ukutani na pasi, vyote vimelala matumbo nje.

Basi kuna siku Papa Masika alikuja kuangalia binti yake Masika ataolewa akaishi wapi. Huyu ni mfanyabiashara, mtu wa Butembo, ana Fuso ya kubeba viazi na jibini kutoka Mushaki. Alisimama mlangoni, akayatazama matumbo yale yote, akatikisa kichwa.

"Hangi, weye unafunguaka kila kitu. Nionyeshe kitu moja tu yenye ulishaka kufunga."

Nikazungusha macho nyumba nzima. Hakuna!

"Bon. Siku utanionyesha kitu moja yenye umefunga, siku ile njo tutaongea ya Masika."

Mtu mwenye akili angefunga redio. Mimi nikaamua kutengeneza mashine ya michezo. Ile inayofanana na kabati la kusimama, juu ina skrini, chini ina vitufe na maneti, yaani kile kifimbo unachokisukuma huku na huku kuongoza mchezo. Nilikuwa nimeona video ya mtu akiitengeneza nyumbani kwake, na tangu hapo usingizi ukanipungukia. Kitufe kinajuaje kwamba kimebonyezwa? Maneti inaiambiaje skrini kwamba imekwenda kushoto? Niliirudia video hiyo mpaka megabaiti zikaisha. Kumbe ni nyaya mbili tu zinagusana! Zikigusana, ni ndiyo. Zikiachana, ni hapana. Nilicheka peke yangu, jirani akagonga ukuta kuuliza kama niko salama.

Skrini niliipata kwenye ofisi moja iliyofunga kwa sababu ya vita. Umeme ni wa paneli yangu ya jua. Maneti niliichonga kwa mkaratusi, chini nikaacha ncha ndefu ichezee ndani. Sanduku nikamwachia Fundi Bahati, seremala wa vitanda na chukudu, zile baiskeli za mbao za kubebea mizigo, na mbao tukachukua libuyu iliyotoka Walikale, nzito ajabu. Nilitaka kitu cha kudumu. (Likumbukeni hilo neno.)

Bahati alikuwa na swali moja tu. "Hii tundu ya hapa chini, ni ya nini?"

"Ya kuingizia sarafu."

"Sarafu gani?"

Nchi hii pesa zetu zote ni karatasi. Sarafu nimeziona kwenye video tu. Lakini mtu wa video alikata tundu, basi na mimi nikakata.

Leo ndiyo ilikuwa siku yenyewe. Papa Masika, Mama Masika na bibi yao, tunamwita Koko, walikuwa waje saa za mchana kutoka Mushaki, wanakokaa siku hizi. Masika naye. Kama baba akiikuta mashine imefungwa vizuri, tunaongea ndoa. Kama hakuikuta, narudi kwa redio zangu. Shati langu jeupe na suruali nilivitundika kwenye msumari tayari. Mbele ya mashine nilifunika kitenge ili nikifunue kwa heshima. Ilibaki kupigilia mbao za nyuma, kisha niingize skrini kwa mbele.

Sasa sanduku lilikuwa limelalia upande kidogo. Lilihitaji mtu wa kulisukuma kutoka ndani wakati Bahati anapigilia. (Mtu gani? Mnamjua.) Nikavua fulana kwa sababu ya joto, nikaingia na kaptula yangu ya kazi, ile iliyopasuka nyuma.

"Piga misumari mbili tu," nikamwambia. "Nitoke, kisha tutamaliza."

Bahati hajui kupiga misumari miwili. Alipiga kama anamalizia kitanda cha maharusi. Ko! Ko! Ko! Nilikuwa ndiyo naanza kumwambia inatosha, mara tukasikia mlio wa bunduki kutoka kilimani, upande wa Mushaki. Mmoja. Halafu mingi.

"Masasi!" Bahati akasema. "Batoto yangu bako ku shamba!"

Na akaenda. Na nyundo.

"Bahati! Bahati, nifungue kwanza!"

Nilisikia ndala zake tu, zinazidi kuwa mbali. Nikasukuma mbao za nyuma. Libuyu haikutikisika. Nikajaribu dirisha la skrini. Kichwa kinafika, mabega yanakataa. Nje watu wanakimbia, mbuzi wanalia, mtu anaita jina la mtoto wake. Hapo sikucheka, nawaambia kweli. Masika na wazazi wake walikuwa Mushaki, kulekule mlio ulikotoka, na mimi nimesimama ndani ya kabati. Niliogopa sana. Niliomba, na kila nilipofika kwenye amina nilianza tena.

Milio ikanyamaza. Punde nikasikia miguu ikiingia nyumbani, maana Bahati aliacha mlango wazi. Nikabana pumzi. Nyumba iliyoachwa wazi siku kama hii haiingiliwi na watu wema.

Kisha nikasikia kikohozi. Kile kikohozi kama cha Fuso inayowashwa asubuhi ya baridi!

"Hodi! Hangi! Iko batu humu?"

Papa Masika! Wamefika, wazima! Nilikuwa nimefungua kinywa niitike, ndipo nikasikia sauti ya Mama Masika, karibu kabisa na kitenge.

"Shati yake iko hapa. Suruali yake iko hapa. Yeye mwenyewe iko wapi?"

Koko akajibu bila kusita: "Amekimbia uchi."

Kinywa kikafunga chenyewe. Marafiki, kwetu mkwe na mama mkwe wake hawakaziani macho. Ukimwona anakuja njia hii, wewe unakata njia ile. Sasa nijitokeze kifua wazi, na ile kaptula? Aibu hiyo ng'ombe wote wa Kirolirwe wasingeilipa. Nikajisemea, nitulie. Wakitoka nje hata kidogo, nitamwita Masika.

Hawakutoka. Walikuwa wamechoka kwa kukimbia vita, wamekuja na magodoro na vikapu vya jibini. Masika akasema anaenda kunitafuta sokoni (mpenzi wangu!), akaondoka. Mama Masika akaketi kwenye kiti changu pekee, mbele ya mashine, uso kwa uso na mimi. Kati yetu kitenge tu.

"Mwanaume wa kukimbia akiacha suruali," akasema, "siku ya vita ya kweli ataacha na muke yake."

Iliniuma. Nilitaka kupiga kelele kwamba sijakimbia, mama, ni mimi peke yangu Sake nzima ambaye sikukimbia! Nikameza.

Papa Masika alikuwa anazunguka. Nikasikia vidole vyake vinapapasa mbao. Na hapa nikagundua jambo ambalo sikulijua. Yule mzee ana ugonjwa wangu!

"Libuyu," akanong'ona. "Na hii kona! Nani alipiga hii kona? Na hii tundu, ni ya nini?"

"Achana na vitu ya batu," Mama Masika akasema.

Hakuachana. Alikunja noti, akaisukuma kwenye tundu. Ikanidondokea mguuni.

"Feza yangu imeenda wapi?"

Mimi ni mtoto wa watu, siwezi kula pesa ya baba mkwe. Nikaokota noti polepole, nikaisukuma nje kwa tundu lilelile.

"Yeee! Inarudisha!"

Akaingiza tena. Nikarudisha. Akaingiza tena, haraka zaidi, kuona kama mashine itakosea. Nikarudisha. (Ingekuwa benki, watu wangepanga foleni.)

Kisha akashika maneti. Nilikwambieni niliacha ncha ndefu ndani. Ile ncha ilikuwa sawasawa na kitovu changu. Akasukuma kushoto, nikaegemea kushoto. Akasukuma kulia, nikaenda kulia. Akaizungusha. Nina mtekenyo mbaya tangu utoto. Nikauma kitambaa cha kitenge, sanduku likaanza kutetemeka.

"Moteri inawaka," akasema Papa Masika kwa heshima kubwa.

Ni Koko aliyemaliza mambo. Alisema, "Tuone basi iko inaonyesha nini," akavuta kitenge.

Mwanga ukanipiga. Mbele yangu watu watatu. Mimi nimo katika dirisha la skrini, kichwa na shingo, maranda ya mbao kwenye nyusi. Nikafanya kitu cha kijinga kuliko vyote nilivyowahi kufanya. Nilitulia. Nilikaza macho mbali, kama mtu wa picha.

Wakaangalia. Nikaangaliwa.

"Ule mutu wa mu televizyo," Koko akasema, "anafanana na Hangi."

"Picha iko bien," akasema Papa Masika, akasogea mpaka nikasikia harufu ya tumbaku. "Sauti njo haina." Akabonyeza kitufe. Akabonyeza cha pili. Akainama akaniangalia puani.

Ningeweza kuendelea. Naapa ningeweza. Lakini mama alinilea vibaya, yaani alinilea vizuri. Mkubwa akikuangalia usoni, unamsalimia. Kinywa kikafunguka bila ruhusa yangu.

"Jambo Papa. Jambo Mama. Jambo Koko. Karibuni."

Mama Masika akatoa ukelele ambao nadhani Minova waliusikia. Akajifunika kichwa, akatoka mbio. Jirani waliokuwa ndiyo kwanza wamerudisha magodoro ndani, wakayatoa tena. Koko yeye hakukimbia. Alinijibu, "Jambo, mwana," akaketi kwenye kiti kilichobaki wazi, apate kuona vizuri.

Masika akaingia akihema kutoka sokoni. Akaniona.

"Hangi. Unafanya nini mule?"

"Ninatengeneza."

Akacheka mpaka akakaa chini. Sijawahi kufurahi hivyo kuchekwa. Alikuwa mzima, vumbi la barabara hadi magotini, anafuta machozi kwa kiganja.

Papa Masika akaleta chuma cha kufungulia matairi ya Fuso. Nilidhani sasa natoka. Wapi! Akakiweka chini, akapiga magoti mbele ya tundu la sarafu.

"Kwanza unieleze. Kitufe inajuaka je kama nimeifinya?"

"Ni nyaya mbili, Papa. Zikigusana, inajua."

"Hivi tu?"

"Hivi tu."

"Na maneti?"

Nikamweleza maneti. Nikamweleza skrini itakaa wapi na betri itakaa wapi, nikiwa ndani, nikionyesha kwa kidole kupitia tundu. Koko aliuliza maswali mawili, na lake la pili sikuweza kulijibu. Ndipo yule mzee akazunguka nyuma, akaingiza chuma chake taratibu, akatoa msumari mmoja mmoja, maana alikataa kuvunja kona nzuri kama ile.

Sanduku halina nafasi ya kugeuka. Kwa hiyo nilitoka kinyumenyume. Ilianza kutoka kaptula. Na kwa kuwa nyuma ya mashine ilielekea mlangoni, na mlangoni Mama Masika alikuwa amerudi na jirani wote, na Bahati na nyundo yake na watoto wake, basi kila mtu aliona kile ambacho mama mkwe hapaswi kukiona hata akiishi miaka mia.

Nikavaa suruali mbele ya umati. Papa Masika alikuwa bado anapangusa mbao za libuyu kwa kiganja.

"Nilisema nionyeshwe kitu moja yenye huyu kijana amefunga," akasema kwa watu wote. "Leo amefunga. Amejifunga yeye mwenyewe, misumari kumi na moja, na haikulegea hata moja. Tutaongea ya Masika."

Basi ndoa itaongelewa. Lakini barabara ya Mushaki haijafunguka, kwa hiyo wakwe zangu wanakaa kwangu hadi itulie, na nyumba yangu ina sebule moja na chumba kimoja. Mama Masika kila akitaka kupita kwenda jikoni, anakohoa kwanza, na Papa Masika ananiambia bila hata kuinua kichwa: "Mukwe, ingia mu televizyo."

Naandika haya nikiwa humu ndani. Msinicheke, tafadhali. Mbao hizi zinapitisha sauti yote, nami namsikia kila anayecheka.