Sauti ya Mume Wangu Ndani ya Kabati

Jumamosi, 16 Agosti
Siku ya pili ya fungate. Mtaa wetu mzima wa Mtanda haujui raha iliyomo chumbani humu! Mume wangu Kondo aliniomba maji ya kunywa nikasahau kumletea. Nilikuwa naisikiliza sauti. Sauti ile ile! Nilikuwa kidato cha pili kule Mtama, tunabangua korosho uani, redio imewekwa juu ya ndoo iliyofunikwa, na yeye humo ndani, kwenye mchezo, ni mfalme anayelilia ufalme wake. Nikaungua kidole kwa mafuta ya korosho. Alama ninayo hadi leo. Nikaapa: huyu ndiye.

Mwaka uliofuata alikuja Lindi na kikundi chake. Ukumbi mzima, hakuna kipaza sauti. Akafa jukwaani kwa mashairi, na bibi mmoja wa mstari wa nyuma kabisa akasema Innalillahi. Siku zile! Sasa kikundi kimetawanyika. Kondo anatangaza sabuni na mechi kwenye gari la matangazo. Fungate ikiisha tunahamia Likawage, kwenye mikorosho ya mjomba wake, na uigizaji basi. Alilisema hilo bila kulia. Nimemlilia mimi.

Jumapili, 17 Agosti
Nina mpango! Bwana Cletus, mtayarishaji wa michezo ya redio kule Dar, anatafuta mfalme kwa mchezo mpya. Sauti zitumwe kwa simu, mwisho Jumanne. Kondo akasema bwana harusi hatoki nje kabla ya siku saba, tena huyo Cletus anamjua, ana sauti ya mbuzi aliyemeza pilipili. Akamwiga. Nilicheka hadi nikapaliwa. Nikamwambia si lazima atoke, sauti itatoka peke yake. Halafu nikamsikia anasafisha koo. Mpenzi wangu!

Jumatatu, 18 Agosti
Kurekodi ni balaa. Jogoo wa jirani. Fundi anayechomelea mageti. Mimi mwenyewe, eti napumua kwa mapenzi mno. Mara nikapata wazo: kabati! Jipya, la zawadi, limejaa kanga na vitenge, kelele hazipiti. Kondo akajikunja humo na simu, nikafunga mlango. Alipofika pale mfalme anaposema "Nichomeni, lakini taji liacheni", nikafumba macho.

Ndiyo maana sikumwona Bi Maftaha, somo yangu, aliyekabidhiwa kunifunda na kututunza siku hizi saba. Aliingia na supu ya pweza. Akasikia mtu analia kabatini. Akafungua.

Yaliyomtoka! Kwamba amefunda wari thelathini na hajapata kuona bwana harusi wa siku ya nne akijificha. Kwamba nimeolewa na mume au na suruali? "Toka humo, baba, unywe supu, nguvu zitarudi!" Kutoka kwenye kanga Kondo akasema shikamoo. "Marahaba, mfalme wa mende!"

Jumanne, 19 Agosti
Kati ya rekodi saba nimechagua iliyo bora. Nimesikiliza mwanzo tu, machozi yakanibubujika, nikatuma. Ajabu moja: hotuba ni ya dakika mbili, rekodi ni ya dakika nne. Labda simu.

Alhamisi, 21 Agosti
Bwana Cletus amejibu! Mfalme ameshampata huko Dar. Anamtaka yule mama mkali anayefoka mwishoni mwa rekodi. Studio nzima imecheka mpaka watu wakashika mbavu.

Bi Maftaha akagoma. Yeye hawezi kuikaripia hewa, ulimi wake unataka mwanamume mbele. Bwana Cletus akasema basi waje wote wawili, mama na yule wa kabatini. Vipindi kumi na viwili!

Kondo hakumgusa pweza hadi adhuhuri. Miaka yote hiyo amekuwa wafalme, leo aitwe mtu wa kabatini! Na nimemfanya hivyo mimi, niliyemuungulia kidole. Halafu mabega yakaanza kumtikisika. Nikadhani analia. Anacheka! Akaniambia mara ya kwanza kupanda jukwaani alikuwa mlinzi wa mlango. Neno lake lilikuwa moja tu, "Nani?", na alilifanyia mazoezi mwezi mzima. Atakwenda Dar. Mjomba amepigiwa simu: mikorosho imsubiri.

Ijumaa, 22 Agosti
Fungate imekwisha. Kondo amekwenda msikitini na kanzu mpya, mtaa mzima unamtania, naye anawaitikia kwa sauti ya kabatini. Bi Maftaha ameniapisha nisiiguse tena simu kwa mambo ya kazi ya mume wangu. Nimeapa.

Lakini leo asubuhi Kondo alinighania hotuba yote ya mfalme, amelala chali, macho darini, kwa sauti ile ile ya redio ya Mtama. Nilisikia hadi harufu ya korosho! Mume kama huyu, akakae kabatini? Simu ilikuwa chini ya mto, inarekodi. Bwana Cletus akiisikia tu, atamfukuza huyo mfalme wake. Nimemtumia sasa hivi. Sikuisikiliza hadi mwisho, hakuna haja. Mwishoni tulikuwa tunacheka tu, Kondo akimwiga tena yule mbuzi wake wa pilipili.