Saini Kumi na Mbili za Fundi

Jumatatu, 3 Machi

Mwaka wa pili nasomea ubingwa wa tiba ya familia. Familia yenyewe siitembelei. Naandika humu kwa sababu humu hakuna anayesaini.

Utaratibu wetu ni huu. Kila daktari anayesoma hupewa kaya moja. Unakwenda Jumanne ya kwanza ya kila mwezi, miezi kumi na miwili. Unapima, unasikiliza, unajaza daftari la ziara, mwenye nyumba anasaini. Mwisho unasimama mbele ya wakubwa na kuieleza kaya hiyo kana kwamba ulizaliwa humo. Usipofaulu, mwaka unarudi mwanzo.

Mimi nilipewa fundi cherehani mstaafu na mkewe. Mzee ana presha, mke ana mzee. Ziara ya kwanza, Aprili iliyopita, nilimwomba asaini kurasa zote kumi na mbili kwa mkupuo. Nikamwambia ndiyo mtindo mpya. Akavaa miwani, akasaini taratibu kama mtu anayekunja pindo. Akasema basi hizi ni ahadi kumi na mbili. Nikasema naam, mzee wangu.

Tangu hapo nimekwenda mara moja tu. Nilifuata mwavuli.

Si uvivu! Wodi ina wagonjwa mpaka kwenye korido. Nimejipanga tu.

Mwenzangu mmoja nimembatiza Kamusi maana hakosi jibu. Anajua hadi jina la paka wa kaya yake. Leo kaniuliza fundi wangu anaendeleaje. Nikamwambia anadunda.

Jumatano, 5 Machi

Nimejaza ziara sita kwa mchana mmoja. Kalamu tatu tofauti. Ukurasa wa Desemba nimeumwagia chai kidogo, uonekane umesafiri. Presha ya mzee nimeishusha polepole, kwa heshima: Januari 134 kwa 84, Februari 128 kwa 78, Machi 126 kwa 76. Maendeleo ya kupendeza. Nilipomaliza nilijisikia nimemtibu.

Alhamisi, 6 Machi

Balaa! Bingwa anayetusimamia katangaza kwamba mwaka huu haridhiki na karatasi. Atatembelea kila kaya mwenyewe. Kaya yangu Jumatatu. Kamusi akapiga makofi. Nani anapiga makofi kwenye kikao cha saa moja asubuhi?

Mpango: nimpigie mzee, nimkumbushe jinsi tulivyozoeana.

Ijumaa, 7 Machi

Namba yake niliihifadhi kwa jina "Fundi usipokee". Nimepiga. Kapokea mama. Nikamwomba mzee. Akasema mzee alishatangulia, mwanangu, tarehe kumi na nne Januari, kiharusi. Akasema walinipigia. Akalisema hilo bila lawama, kama anayeniambia mvua ilinyesha.

Nimetazama simu. Simu tano ambazo sikupokea, tarehe kumi na tatu.

Halafu nimetazama daftari. Februari, 128 kwa 78. Alikuwa na wiki tatu kaburini na presha nzuri kuliko yangu.

Jumamosi, 8 Machi

Kurasa zina namba na mhuri, hazichaniki. Kwa hiyo mpango mpya: niende kutoa pole, na hapohapo nimwombe mama aniazime tarehe. Amwambie Bingwa kwamba mzee alifariki juzi tu, Jumatano. Kifo kile kile, nakisogeza mbele kidogo. Nilijizoeza njia nzima.

Chumba cha mbele kina cherehani iliyofunikwa shuka na viti viwili. Kimoja kina mto. Nikaukalia huo mto. Mama akasema hicho ndicho chako. Kila Jumanne ya kwanza mzee alikuwa anakitoa, anavaa shati la kola, anakaa hapa mpaka saa nane. Wakitokea wageni wengine, akasema, hicho hakikaliwi, cha daktari.

Nikamuuliza ilikuwaje. Akasema kichwa kilimuuma siku nne. Akambembeleza waende zahanati. Mzee akakataa kata kata: akapange foleni ya nini naye ana daktari wake? Mpigie tu, atakuja.

Nilikuwa na ile sentensi ya tarehe mdomoni. Nikaitoa nusu. Nikasema mama, kuhusu tarehe. Akadhani nauliza habari za mazishi, akanieleza yote, nani alikuja na nani alichelewa.

Nilipoaga akaniambia nisubiri. Akatoa kwenye mfuko koti jeupe la daktari. Mzee alinipima kwa macho siku ile ya kwanza, akashona kidogokidogo, anivalishe siku nitakayofuzu. Mkono wa kushoto haupo. Hakuufikia.

Linanikaa vizuri sana. Hilo ndilo lililoniudhi.

Jumatatu, 10 Machi

Bingwa alikaa kwenye kiti chenye mto. Akamuuliza mama, huyu daktari anakuja? Mama akanitazama, akatazama cherehani. Akasema nyumba hii inamfahamu sana, bibie, hapakupita wiki bila jina lake kutajwa.

Hakusema uongo. Wala hakunichoma.

Bingwa akafungua daftari na kusoma Februari kwa sauti. Kisha akamuuliza mama tarehe ya msiba, taratibu, kama anayebandua plasta. Mama akaitaja. Bingwa akavua miwani yake. Nilitamani anitukane. Alifunga daftari tu na kunyoosha kona ya jalada iliyojikunja.

Halafu akampima mama. 182 kwa 110. Akarudia. 180 kwa 110. Akamuuliza amepimwa lini mara ya mwisho. Mama akacheka kidogo, akasema yeye si mgonjwa, mgonjwa alikuwa mzee.

Hukumu nilisomewa ndani ya gari. Narudia mwaka. Kaya ile ile, sasa mgonjwa ni mama. Ziara moja, saini moja. Nikikosea tena, nikatafute kazi nyingine. Bingwa akasema yule mama ana dawa za mwezi mmoja na ana mimi, na kati ya hivyo viwili yeye Bingwa anaziamini zaidi dawa.

Nimelia kidogo nilipofika nyumbani. Naandika ili ijulikane. Nitabadilika.

Jumanne, 1 Aprili

Nimekwenda! Saa nne kamili, daftari jipya, mashine ya presha, kila kitu. 164 kwa 98, inashuka, na safari hii ni namba ya kweli. Nikamwongezea dawa. Tumezungumza saa nzima. Amefunua cherehani. Anasema anajua kushona kidogo, alimtazama mzee akishona miaka arobaini, atajaribu ule mkono wa kushoto. Nikamwachia koti.

Wakati wa kusaini akalalamika macho. Kuitafuta miwani kila mwezi ni kazi, na miwani yenyewe ni ya marehemu. Nikamwonea huruma. Kwa kweli ni huruma tu! Nikamwambia, mama, kwa kuwa umeshaivaa na kalamu iko mkononi, malizia na hizi zilizobaki.

Akanitazama kwa muda. Akasaini zote kumi na mbili. Taratibu, kama mumewe.

Akauliza, Jumanne ya kwanza, mwanangu? Nikasema bila kukosa, mama.

Jumanne, 6 Mei

Kamusi amefaulu na katualika wote chakula cha mchana. Kukataa kungeonekana wivu. Na ukurasa wa leo umeshasainiwa, kwa hiyo hakuna kilichoharibika. Nimeandika 138 kwa 86. Sikutaka kuzidisha, ashuke kidogokidogo kama binadamu.

Nitakwenda wiki ijayo. Au ile nyingine.

Mama amepiga mara tatu tangu asubuhi. Sikupokea, palikuwa na hotuba. Bila shaka ni habari ya koti. Atakuwa anataka kujua mkono uishie wapi.