Kipande Kisicho na Mwenyewe

Jumatatu, 6 Januari
Joto. Jana joto. Kwetu Makete, Tanzania, sasa ni mvua na ukungu, watu wanaota moto. Hapa Garsen, Kenya, hata kivuli kinatoka jasho. Nimechoka na nchi ya watu.

Valentine, mke wangu, kapiga simu. Paa linavuja juu ya kitanda. Nikifika na mabati kabla ya masika, nitamkuta. Nisipofika, nimtafute kwa baba yake. Ameshasema hivyo zamani, lakini leo hakulia. Hilo limenitisha.

Hofu ya nini? Nina matikiti! Kipande kizima, kutoka barabarani hadi Mto Tana, udongo mweusi, hakina mwenyewe. Wapokomo wamelima kulia na kushoto, katikati wamepaacha. Wavivu! Nilipanda kimyakimya mvua za vuli zilipoanza. Wiki ijayo navuna.

Jumatano, 8 Januari
Mama Mwanaarusi, ninayemlimia mpunga, kaniita kando. Kasema, mwanangu, hapo si shamba, ni malka, njia ya ng'ombe kwenda kunywa mtoni. Ng'ombe gani? Tangu vuli sijaona hata mkia. Wivu tu!

Nimezungushia uzio wa miba. Kiti, Mgiriama ninayelala naye chumba kimoja, kauliza kama huko Bongo ng'ombe hubisha hodi. Nimemnyima chumvi.

Ijumaa, 10 Januari
Vumbi kaskazini. Nikadhani mvua, nikafurahi, nikaanua nguo. Ng'ombe! Mamia. Kumbe malisho ya bara yakikauka hushuka mtoni.

Mbele yao mzee Dadacha, Muorma, fimbo begani. Kaniuliza kwanza habari za nyumbani. Halafu: "Rafiki, ondoa miba. Ng'ombe yangu najua njia, hapana jua tikiti." Nikamwambia azunguke. Akanitazama kama anayetazama mgonjwa. Nikasimama na jembe. Ng'ombe wa kwanza akanilamba mkono, akapita. Uzio ulidumu kadiri ya chafya mbili, matikiti chafya tatu.

Jumamosi, 11 Januari
Wazee wamekaa. Nimejieleza sana, hata habari ya paa. Waorma na Wapokomo, wanaogombania kila jani, leo wamekuwa na neno moja: nimeziba malka. Mama Mwanaarusi kaninong'oneza ninyamaze, watu wameshauana kwa jambo dogo kuliko hilo.

Hukumu: niokote kila mwiba kwa mkono, kwato zisichomwe. Jioni Dadacha kaniletea maziwa. Nimekunywa nikilia. Kiti kasema ni jasho.

Jumanne, 14 Januari
Nimempigia Valentine. Kapokea baba yake. Kasema binti amelala, tena pakavu. Hilo "pakavu" alilivuta sana.

Alhamisi, 16 Januari
Siwezi kukaa. Nimetembea hadi nyuma ya kijiji cha Wema. Bonde! Majani mabichi katika kiangazi hiki, udongo una unyevu, na hakuna aliyepanda hata mche!

Sasa mimi si mjinga. Nimekagua. Hakuna kinyesi cha ng'ombe, kwa hiyo si malka. Miti yote ina mstari wa tope, juu ya kichwa changu. Sijui nani alipaka. Mtumbwi mmoja umekwama kwenye matawi. Watu wa huku hawajui kutunza vitu.

Nimemtumia Valentine ujumbe avumilie kidogo. Navuna masika yakishakolea.

Mama Mwanaarusi yuko mlangoni, anaita mwanangu, mwanangu. Najifanya nimelala.