Hotuba ya Kumzindua Binti Sanyu, Mwimbaji Asiye na Koo

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye hakuweza kufika lakini ametutumia dereva wake, Mheshimiwa Dereva, Mwenyekiti wa baraza letu la mtaa, LC One, hapa Kyebando, wakuu wa usalama mliovaa sare, na ninyi mliovaa kiraia mkidhani hatuwajui, wafadhili wetu wenye kamera, wafanyabiashara wa Kalerwe mliofunga vibanda kwa hiari baada ya kuamriwa, wanafunzi wa Kyambogo mliofuata soda, ndugu zetu wa Kongo, hasa kwaya ya Kyebando iliyokaa mbele kwa vitenge vyake, mabwana na mabibi, bassebo ne bannyabo, itifaki imezingatiwa, na aliyesahauliwa ajihesabu ametajwa. (Makofi ya waliojihesabu.)

Mimi, Okullo, Mratibu Mkuu wa Mradi wa Sauti ya Kidijitali, nasimama hapa kwa unyenyekevu mkubwa ambao wengi wameusifu, kumzindua Binti Sanyu. Binti Sanyu ni programu ya kompyuta inayoimba. Unaiandikia maneno, unaiwekea noti, nayo inaimba kwa sauti ya mwanamke ambaye hajazaliwa, hali, halali wala haombi nauli, na sura yake ndiyo ile kwenye skrini, nywele za buluu na gauni la gomesi la njano. Kwa wenzetu ng'ambo waimbaji wa namna hii wanajaza viwanja, watu wanapunga taa wakimshangilia mtu ambaye hayupo. Nikajiuliza, sisi tumepungukiwa nini hata tushindwe kumshangilia mtu ambaye hayupo? (Makofi. Mheshimiwa Dereva anaamka.)

Lile pazia jekundu kando ya skrini ni la kiufundi. Nyuma yake kuna mitambo yenye mionzi, na ndiyo maana nimeweka askari.

Mmemsikia akitufungulia mkutano. Tathmini yetu shirikishi, iliyofanywa sasa hivi na mimi mwenyewe, inaonyesha kwamba asilimia tisini na nane ya stekiholda wanasema sauti yake haina tofauti na ya binadamu, na asilimia mbili zilizobaki, yaani Mama Concy wa kwaya, anasema ni ya binadamu anayemjua. Tunaheshimu maoni ya wachache. Kwa hatua hii kubwa tumshukuru Mungu. Mungu ni mwema.

(Sauti ya mwanamke nyuma ya pazia, kabla ukumbi haujafungua mdomo: "Wakati wote!" Kicheko.)

Msicheke. Hiyo ndiyo akili mnemba. Programu hii imelelewa kwa data ya kanisani, na aliyelelewa kanisani hawezi kusikia Mungu ni mwema akanyamaza. Sasa atuimbie ubeti mmoja wa maendeleo.

(Wimbo unaanza. Katikati umeme unakatika. Skrini inazima, feni zinasimama, maikrofoni inakufa. Wimbo unaendelea hadi kiitikio, na kwaya yote inaitikia.)

Nitapaza sauti. Wanafunzi wa Kyambogo, teremsheni mikono, hakuna kipindi cha maswali. Mlichokishuhudia kinaitwa uendelevu. Miradi ya watu wengine umeme ukienda nayo inakwenda. Huu wetu hautegemei umeme, hautegemei kompyuta, na nathubutu kusema, mbele ya wafadhili, hautegemei hata programu. (Makofi marefu ya wafadhili, ambao mkalimani wao bado hajafika kwenye sentensi hiyo.)

Jambo la mwisho ni dogo. Mama Concy ameniletea ombi kwamba Jumamosi kwaya inamzika mwalimu wao, mzee Aristide, na wanataka dada yao Victoire, aliyetuazima sampuli ya sauti, aimbe kaburini, kwa kuwa mzee ndiye aliyemfundisha kuimba tangu utotoni kule Beni, Kongo, na alipokuwa akiugua hakuomba kingine. Niliguswa sana, na nimekataa. Sauti ile sasa ni mali ya mradi. Ikisikika makaburini ikitoka kwenye koo la mtu, nani atamwamini tena Binti Sanyu? Lakini hatuna roho mbaya. Nitawatumia Binti Sanyu kwenye simu, mtafute spika, naye atamlilia mzee kwa viwango vya kimataifa, tena bila kamasi.

(Kwaya inaguna. Mama Concy anasimama, anakaa, anasimama tena. Nyuma ya pazia kiti kinaanguka.)

Mitambo inapoa. Na tazameni, umeme umerudi, mambo ya Mungu hayo. Binti Sanyu, tufungie mkutano kwa wimbo wa shukrani.

(Kwenye skrini Binti Sanyu anafungua mdomo, anafumba, anafungua. Hakuna kinachosikika.)

Anasoma noti. Tupige kaulimbiu tukimsubiri. Teknolojia, oyee! (Oyee.) Sauti bila koo, oyee! (Mheshimiwa Dereva peke yake: Oyee.) Mungu ni mwema.

(Kimya. Pazia linasogea. Victoire anatoka, viatu mkononi, anampita askari, anakwenda kusimama katikati ya kwaya. Mama Concy anamfunga kitenge kiunoni. Kamera zote zinageuka.)

Wafadhili, huyo ni fundi. Huyo ni… Nimalizie kwa shukrani. Nawashukuru wataalamu wa programu, ambao tutawaajiri. Naishukuru kompyuta, ambayo ni ya mtoto wangu na ina katuni tu. Namshukuru dada Victoire, ambaye ndiye mitambo, ndiye data, ndiye mradi wenyewe, na bila yeye mimi ni mtu aliyesimama kando ya pazia. Dada, wimbo mmoja tu. Na ruhusa ya Jumamosi nakupa hapa hapa.

(Kwaya inaelekea mlangoni. Victoire anaeleza, bila kugeuka, kwamba mwalimu hazikwi kwa ruhusa.)

Dada Victoire, nakuomba. Mungu ni mwema.

(Victoire anasimama mlangoni. "Wakati wote," anajibu, kwa sauti ya kusemea tu, si ya kuimbia, kisha anatoka na wenzake. Nje wimbo wa maziko unaanza. Kwenye skrini Binti Sanyu bado anafungua mdomo, na Mheshimiwa Dereva anapiga makofi.)