Dakika Kumi na Nne

Jumatatu, 3 Machi

Daftari mpendwa, salamu nyingi sana. U hali gani? Natumaini hujambo na kurasa zako zote ni nzima. Mimi na familia yangu tu wazima, namshukuru Mungu, isipokuwa mgongo. Unisamehe kukusalimu kama mtu. Shule niliishia darasa la saba, na huko tulifundishwa kuandika barua tu. Shajara hatukuifikia.

Habari yenyewe: nimeteuliwa! Mimi ndiye mdadisi wa upande wetu wa bonde. Mtafiti wa mkoa, binti mdogo mwenye begi la mgongoni, ametukusanya ukumbini, akatupa fomu, kalamu, na wewe. Akasema mkoa unakusanya takwimu za uzazi kila mahali, na halmashauri yetu itazitumia kuamua nani apewe nini. Tunachokiona tuandike kwenye fomu. Tunachokiwaza tuandike kwenye daftari, na halitasomwa na mtu. Kwa hiyo tuko wawili tu.

Swali la saba: kutoka nyumbani hadi zahanati ni dakika ngapi kwa miguu. Swali la kumi na mbili: wanawake wangapi walijifungulia nyumbani mwaka jana.

Nimeushtukia mchezo mara moja. Huu ni mtihani! Mkoa mzima utausoma, tupangwe wa kwanza hadi wa mwisho. Na upande wa ng'ambo wamemchagua nani? Fundi cherehani, yule mama ambaye utepe wa kupimia haumtoki shingoni. Sisi tunamwita Tepu. Ndiye aliyenibwaga kwenye kamati ya maji kwa kura tatu. Nilishamsamehe. Kura tatu tu ndizo sijazisahau.

Mimi ni katibu wa kamati ya mazishi, wa kamati ya ibada na wa kamati ya shule. Watu wananiita Katibu, hata mke wangu akikasirika. Katibu hawi wa mwisho.

Jumatano, 5 Machi

Nyumba ishirini na sita! Miguu imevimba. Watu wetu wanapenda kulalamika, jamani. Kila mlango, zahanati mbali, zahanati mbali. Fundi baiskeli akaniambia niandike saa nzima, tena kwa mtu asiye na mzigo. Mjane wa pale kona akasema saa moja na nusu, na akihesabu kupumzika, mbili. Nikawaambia watulie, nitapima kitaalamu.

Nimepima mwenyewe, kwa saa yangu ya mkononi. Dakika kumi na nne! Ni kweli nilikuwa kwenye baiskeli. Ni kweli pia kwamba zahanati iko chini barabarani, na kwenda ni mteremko mtupu. Lakini pedali sikuzisukuma kwa mikono. Na fomu haikuuliza habari za kurudi.

Swali la kumi na mbili limenitoa jasho. Bibi mkunga, jirani yetu, alinihesabia kwa vidole hadi vikamwishia: yeye peke yake kapokea watoto kumi na mmoja, sakafuni, kwa mwanga wa simu. Nikamwuliza kama anataka mkoa mzima ujue mambo hayo. Akasema ndiyo, anataka, tena wajue pia kwamba magoti yake yamekwisha. Nikaandika wawili. Kwa heshima yake.

Nilisali kabla ya kujaza. Niliomba nisiaibike. Sikuomba kingine chochote.

Jumamosi, 8 Machi

Tumekabidhi fomu ukumbini. Tepu kaniacha hoi. Eti alitembea kutoka nyumba ya mwisho kabisa ya ng'ambo akiwa na mjamzito wa miezi minane. Mjamzito akikaa, naye anakaa. Akitapika, naye anamshikia kilemba. Saa moja na dakika kumi! Na waliojifungulia nyumbani, kumi na saba! Kayaandika yote, kwa mwandiko mzuri.

Nikamwambia kwa upole, mbele ya mtafiti, kwamba anawavua watu wake nguo hadharani. Akacheka. Akasema, "Katibu, kuna wateja wananitajia kiuno cha zamani, wanaona haya kupimwa. Basi mimi nashona hichohicho walichotaja. Gauni likipasuka harusini, mimi nipo kwangu nakunywa chai." Sikuona linahusiana vipi.

Alasiri binti yangu alikuja. Kifungua mimba wangu, naye sasa ana mimba ya miezi minane, mimi niitwe babu! Akaona nakala ya fomu mezani, akasoma swali la saba. Akauliza dakika kumi na nne ni za nani. Yeye hutumia saa moja na robo, na hukaa mara tatu: darajani, kwenye mashine ya kusaga, na kwenye lile gogo. Nikamwambia aache deko, fomu ni ya watu wa kawaida, siyo ya wajawazito. Akasema, "Baba, fomu ni ya uzazi."

Nikaomba chai.

Jumanne, 25 Machi

Nimeshindwa kula. Ngoja nianze mwanzo.

Ukumbi ulijaa. Mtafiti akabandika ramani ukutani, ya rangi. Upande wa Tepu mwekundu. Upande wetu kijani kibichi! Nikapiga makofi. Peke yangu, lakini kwa nguvu. Nikasimama, nikawainamia watu kidogo. Nikamtupia jicho Tepu nione kama kaficha uso. Alikuwa anatunga uzi kwenye sindano.

Ndipo mwenyekiti wa halmashauri akasoma uamuzi. Akasema mwaka huu wameamua kwa takwimu, siyo kwa anayepiga kelele zaidi. Penye wekundu: mkunga wa kudumu, chumba chenye vitanda viwili kwenye ofisi ya zamani ya kata, na pikipiki ya matairi matatu yenye machela. Ufunguo wa pikipiki ukae dukani kwa Tepu, maana halifungwi. Penye kijani: pongezi.

Pongezi! Karatasi moja, ina muhuri.

Hakuishia hapo. Kwa kuwa kwetu shida ni ndogo, nesi wa zahanati ataazimwa ng'ambo kila Jumatatu, Jumanne na Jumatano. Siku hizo zahanati ifungwe. Sisi hatutaumia, akasema, maana sisi ni watu wa dakika kumi na nne.

Ukumbi mzima ukageuka kunitazama. Bibi mkunga alikohoa, na hana kikohozi. Binti yangu alikaa benchi la mbele kwa sababu ya tumbo. Hakugeuka. Nilikiona kisogo chake tu, na kilinitosha.

Alhamisi, 27 Machi

Nimevaa koti langu la vikao, nikaenda ofisini kwa mtafiti. Nikamweleza kwamba huenda kalamu iliteleza. Akauliza iliteleza kutoka ngapi hadi ngapi. Nikasema sikumbuki vizuri.

Hakunisuta. Afadhali angenisuta. Akanipa fomu ya marekebisho, ukurasa mmoja tu. Andika takwimu sahihi, eleza kwa nini za mwanzo zilikosewa, tia saini. Ikifika kabla ya Ijumaa ijayo kwisha, halmashauri itakaa upya kabla ripoti haijachapwa. Jambo jepesi kabisa! Nikashika kalamu. Nikafika kwenye mstari wa "kwa nini". Ee Mungu wangu, mstari ule ulivyokuwa mrefu! Niandike nini? Kwamba mzee mzima nilitaka kumshinda mshona magauni? Nikasema nitaijaza nyumbani kwa utulivu. Nimeiweka ndani ya Kitabu Kitakatifu ili niione kila asubuhi.

Njiani nikapata mpango bora zaidi. Nikapita kwa Tepu. Nikamwomba kimyakimya, kama ndugu na dada, siku ya binti yangu ikifika atuletee ile pikipiki. Akaweka mkasi chini. Akauliza, "Dakika kumi na nne nazo zinataka pikipiki?" Nikamwambia yaliyopita tuyaache. Akasema sawa, basi kesho anafunga duka, tupite nyumba kwa nyumba upande wetu, yeye na mimi, tuhesabu upya, na fomu tuipeleke pamoja. Kasema hivyo bila kejeli. Nikamshukuru, nikamwambia kesho nina kikao.

Sikuwa na kikao.

Ijumaa, 4 Aprili

Leo ndiyo mwisho wa fomu. Mvua. Mgongo. Nitaipeleka kesho, hawawezi kunikatalia kwa siku moja.

Baadaye: kesho ni Jumamosi. Ofisi haifunguliwi.

Jumatano, 9 Aprili

Usitazame mwandiko, naandikia gotini.

Uchungu ulimshika binti yangu saa tatu asubuhi. Mkwe wangu ni dereva wa lori, yuko safarini. Nikaleta baiskeli. Mke wangu akaniuliza kama nimerukwa na akili. Tukatembea: mimi na mke wangu, binti katikati, bibi mkunga nyuma na beseni lake. Sikuweza kujizuia, nikatazama saa. Mungu anisamehe, nilikuwa naomba dakika ziwe chache. Darajani, dakika ishirini na tano. Akakaa. Kwenye mashine ya kusaga, hamsini na tano. Akakaa, akaushika mkono wangu, huu wenye saa, akaukamua hadi vidole vikafa ganzi. Kwenye gogo sikuthubutu kutazama tena.

Tulifika. Saa moja na dakika thelathini na tano. Mlangoni kufuli. Jumatano! Nilikuwa nimesahau kuwa ni Jumatano! Na juu ya kufuli walikuwa wamebandika ile karatasi yetu ya pongezi, na muhuri wake.

Mtoto kazaliwa kwenye benchi la wagonjwa, nje, juu ya koti langu la vikao. Wa kike. Alilia papo hapo, sauti ya mtu mwenye malalamiko ya haki. Lakini damu ya binti yangu haikukatika. Bibi mkunga akaomba kanga ya pili, kisha ya tatu. Nilikimbilia barabarani nikipunga mikono kwa kila kinachopita. Kumbe mke wangu alishampigia simu Tepu palepale tulipoliona kufuli, wakati mimi bado nasoma pongezi.

Pikipiki ikaja. Tepu mwenyewe kakaa nyuma, utepe shingoni, sindano bado kifuani. Alimshika binti yangu kichwa njia nzima.

Wamemwahi. Mkunga wa ng'ambo anasema ingepita nusu saa zaidi, yeye asingeahidi kitu. Nimepiga magoti nje ya chumba chao, kwenye kokoto, nikashukuru hadi maneno yakaniishia. Kisha nikachungulia mlangoni. Binti yangu akafumbua macho, akaniona.

"Dakika ngapi, Baba?"

Nikaivua saa, nikaitia mfukoni. Na dakika nilikuwa nazijua.

Jumatatu, 14 Aprili

Nimeijaza ile fomu. Dakika tisini na tano. Waliojifungulia nyumbani, kumi na mmoja. Kwa nini? Nimeandika: Nilitaka kushinda. Maneno mawili. Mstari karibu wote ukabaki mtupu. Haukuwa mrefu kumbe.

Mtafiti akaisoma mara mbili, akasema asante. Akasema pia ripoti ya mwaka huu imeshachapwa, fomu yangu itasubiri mwakani. Nikamwambia kwetu wako wajawazito wanne sasa hivi. Akauliza kwa nini hawamo kwenye fomu yangu ya kwanza. Nikaaga.

Wanne wale wangetembea kwa sababu yangu. Nimemwomba fundi baiskeli anifungie mto kwenye kiti cha nyuma. Kila siku ya kliniki nitawapeleka mmoja mmoja, mimi nikikokota baiskeli kwa miguu, wao wamekaa. Ijumaa nilimpeleka wa kwanza, mke wa jirani. Njia nzima aliniuliza kama tumefika. Kwenda tu, saa moja na dakika tano. Nimeziandika kama zilivyo.

Binti yangu amerudi nyumbani. Anakula, anatembea kidogo, Mungu ni mwema. Mtoto kampa jina la Tepu. Siyo la utani, lile la kwenye cheti. Kwa hiyo kila nikimbembeleza mjukuu wangu, namtaja yule mama wa kura tatu. Nimestahili.

Jumatano, 16 Aprili

Daftari mpendwa, furaha! Mtafiti kaja mwenyewe hadi mlangoni. Utafiti mwingine, safari hii wa shule. Kasema mtu aliyekosea akakiri ndiye anayemwamini. Nilitokwa na machozi. Ng'ambo ni Tepu tena.

Nimesali sana, na nimefunguliwa macho. Nilikosea, sasa nimeelewa kosa lenyewe. Ule haukuwa mtihani wa kupata alama za juu. Ulikuwa wa kupata za chini! Mwekundu ndiye anayepewa! Mwenzangu alilijua hilo tangu mwanzo, mimi napiga makofi.

Basi nimeanza. Shule yetu haina paa. (Inalo. Nililipaka rangi mimi, na kamati.) Vyoo hakuna. Walimu, nusu. Wanafunzi kwa dawati moja, tisini. Mjukuu wangu atasoma pale, nami sitaki naye aje anipe kisogo ukumbini kama mama yake. Tepu maskini ataandika anachokiona, awe kijani kama majani, apewe pongezi.

Sasa hivi binti yangu kapita na mtoto begani, akauliza naandika nini. Nikafunika kwa kiwiko. Akamhamishia mtoto bega la pili, akaenda.

Nakuomba kitu kimoja. Tangu Machi nakuandikia, hujanijibu hata mara moja, nami sina mwingine wa kumwuliza. Tisini kwa dawati ni wengi mno, au niseme themanini? Fomu inachukuliwa Ijumaa. Tafadhali unijibu upesi.