Hata Gunia la Kahawa Lina Namba

Kibingo, Kyerwa
Jumanne, baada ya palizi

Kwako Wakili Msomi Agnetha Melkiory, Rubwera.

Nakusalimu kwa heshima zote, ingawa kwa umri wewe ndiye ungepaswa kuniamkia. Basi marahaba, naipokea kabla hujaitoa.

Mimi ni Cleophace Ndyamukama, mjomba wa mteja wako Mwalimu Salvina, na ni Mshauri wa Kimataifa. Nina kadi. Hapa Kibingo kibuyu cha rubisi hakifunguliwi mpaka niketi kwenye kigoda cha mbele, nivute mrija wa kwanza, niseme kama pombe imeiva. Mwaka ule mnyauko ulipomaliza migomba, nilisimama mpakani mwa shamba langu nikaukemea, ukageuza njia ukaenda Bugomora. Watu wa Bugomora hawajanisamehe hadi leo. Nakueleza haya ili ujue barua hii haijatoka kwa mtu wa hivi hivi.

Salvina alinieleza shida yake huku akilia, na kilio cha Salvina sijakizoea. Utotoni alipigwa teke na ndama akacheka. Miaka minne iliyopita aliwekewa mifuko ya silikoni kwenye matiti, katika kliniki moja ya mjini. Hayo ni mambo yake, na kifua ni chake. Lakini sasa upande wa kushoto umekuwa mgumu kama ndizi mbichi, unamuuma hata akiinua mkono kuandika ubaoni, na kipimo kimeonyesha mfuko umepasuka humo ndani. Daktari anayemtibu sasa alimweleza kwamba mwili hujenga kovu kuuzunguka mfuko, na kovu hilo laweza kubana. Kwamba mifuko hiyo haidumu maisha yote, wengine hupasuliwa tena. Na kwamba ipo aina yenye ngozi ya kukwaruza iliyohusishwa na saratani fulani, ya nadra, lakini ipo. Wengi hawapati shida, alisema. Ila wale waliomwekea hawakumwambia hata moja kati ya haya. Walimpa karatasi asaini akiwa tayari amevaa gauni la upasuaji.

Nawe ukamwonyesha njia zake: kulalamika kwa baraza la madaktari, kutoa taarifa kwa mamlaka ya vifaa tiba, au kufungua shauri la madai, ambalo siku zake zimebaki ishirini na sita tu. Ukasema zote zingepata nguvu kwa ile kadi aliyopewa siku ya upasuaji, yenye aina ya mfuko na namba yake ya kiwandani. Kadi haionekani. Kliniki nayo inasema mafaili yake yalilowa mvua.

Hapo ndipo nilipoinuka. Malalamiko yangu, ambayo naomba uyatangulize kabla ya yale ya Salvina, ni haya:

1. Sikuulizwa. Kwetu hata mbuzi wa posa hapokelewi mpaka mjomba amshike mgongo. Mimi nikiuma punje moja ya kahawa najua ilianikwa kwenye turubai au chini kwenye vumbi, na mwenye nayo aliamka saa ngapi. Wangeniletea mfuko ule niubonyeze kwanza, tusingefika hapa. Kliniki ijibu kwa nini mjomba hakuitwa.

2. Hata gunia la kahawa lina namba. Likikutwa na unyevu pale chama cha msingi, karani anasoma namba, anajua limetoka kwa Jovitus, na Jovitus anaitwa mbele ya watu aeleze. Sasa mfuko unaokaa juu ya moyo wa mwalimu wa watoto wetu ndio ukose mwenyewe?

3. Kadi imeibwa. Sisemi imepotea, nasema imeibwa, na mwizi ni mtu wa kliniki. Alisafiri hadi Rubwera, akaingia kwa Salvina, akafungua Biblia ilimokuwa imehifadhiwa, akaichukua. Mtu wa namna hiyo hana haya wala dini. Afungwe. Na isiwe miezi, iwe miaka, tena alime shamba la gereza kwa jembe bovu.

4. Mke wangu Placidia ananiambia nisijiingize, eti nitaiharibu kesi ya mtoto kama nilivyovunja kikao cha bomba la maji. Maneno hayo yameniumiza moyo, na chanzo chake ni kliniki. Yaongeze kwenye madai.

5. Mkurugenzi wa kiwanda, popote alipo huko ng'ambo, aje mwenyewe Kibingo na daftari lake la namba. Tutamkaribisha vizuri, nitamwachia mrija wa pili. Akikataa, nchi yake isiuziwe kahawa yetu. Wanywe maji ya moto matupu mpaka wakumbuke.

6. Mimi niwe mdai wa kwanza, Salvina wa pili. Hakimu akiiona kadi yangu atasimama. Nakala yake naiambatisha.

Nisalimie makarani wako wote, na mlinzi wa getini, yule aliyenizuia wiki jana bila kunijua. Mwambie nimemsamehe.

Ni mimi niliye imara katika haki,
Cleophace Ndyamukama,
Mshauri wa Kimataifa.

Baada ya kusaini: Nimefika Rubwera kutoa nakala ya kadi yangu. Binti wa dukani, Uwitonze, aliisoma, akanitazama kifuani, akairudia kadi, kisha akaniuliza kwa adabu, "Mjomba, kumbe na wewe umewekewa? Mifuko yote miwili?"

Akanisomea. Jina ni la Salvina. Aina ya mfuko ipo. Kushoto namba hii, kulia namba ile. Wakati wa Krismasi niliikuta kwenye Biblia yake nikitafuta Zaburi. Ilikuwa nyeupe, inang'aa, imejaa Kiingereza, nikaona imekaa bure, nikaichukua iwe kadi yangu ya Mshauri. Kiingereza sijui, Wakili. Wala Kibingo hakuna aliyewahi kuniomba nikisome.

Basi futa namba moja hadi sita, hasa namba tatu, na hasa lile jembe bovu. Kadi yenyewe ndiyo hii ndani ya bahasha. Fungua shauri la mtoto leo. Mwambie Salvina imepatikana. Ilikokuwa nitamweleza mwenyewe, kwa magoti ikibidi. Jumamosi kwenye rubisi nitakaa nyuma, kwenye majani, na Jovitus akiniuliza nitamwambia kadi iko kwa wakili. Hilo angalau ni kweli.