Sitini Isiyo na Kabati

Ilitangazwa kwa vipaza sauti, korido hadi korido, kwamba Idara ya Vibali imepata Sitini ya Kudumu.

"Umri wa kustaafu ni sitini," Mkurugenzi aliwaambia wafanyakazi wote, jicho likiwa kwa naibu wake, aliyebakiza wiki mbili. "Hauongezwi, haupunguzwi, hata kwa baba yangu mzazi!"

Kazi ya kuiingiza sitini hiyo kwenye mfumo ilimwangukia binti mmoja, mwandishi wa programu pekee wa idara. Alijaribu kushauri.

"Mzee, tungeiweka kwenye kumbukumbu ya kompyuta. Siku ikibidi, tunaibadilisha chapuchapu."

"Ibadilishwe na nani? Ifanye thabiti!"

Akaifanya thabiti, kama waandishi wa programu wanavyoiita namba isiyobadilika. Mkurugenzi akadai ufunguo wa mahali inapohifadhiwa.

"Haihifadhiwi popote, mzee. Programu inapoundwa, kila penye umri wa kustaafu panabandikwa sitini. Basi. Hakuna droo ya kufungua."

Mali ya idara isiyo na droo! Ikaundwa Kamati ya Makazi ya Thabiti, ikakaa vikao siku tisa, ikapendekeza kabati la chuma. Likaletwa, likafungwa likiwa tupu, akawekwa mlinzi wa kulilinda. Naibu alistaafishwa na mfumo saa mbili kamili asubuhi, chai yake ingali ya moto.

Miezi minne baadaye, Mkurugenzi mwenyewe akatimiza sitini. Kadi yake ikakataa kufungua mlango. Akapitia mlango wa wahudumu, akalifungua kabati, akapapasa rafu zote tatu. Kisha mbio hadi kwa binti, jasho likimchuruzika.

"Weka sitini na tano! Sasa hivi!"

Binti alimhurumia kweli. "Inawezekana, mzee. Naandika upya mstari mmoja, naiunda programu tena. Inataka tu idhini ya mkurugenzi aliye kazini."

"Si mimi huyu?"

Binti akamgeuzia skrini taratibu. Chini ya picha yake paliandikwa: MSTAAFU.

Mzee akavuta kiti, akaketi. Kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na mmoja, aliongea kwa sauti ya chini.

"Mwanangu, idhini hiyo mtu anaanzia dirisha gani?"

"La nne, mzee. Ila leo Ijumaa, na uliagiza Ijumaa wasipokee mtu."